Jiko Lisilomuuliza Mpishi Haliponyi Kifua

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sisi tunaotibu magonjwa ya mfumo wa hewa tuliupokea mkakati huo kwa matumaini makubwa, kwa kuwa kwa miaka mingi tumekuwa tukiwatibu watu madhara ya moshi, kisha tukiwaruhusu kurudi kwenye moshi uleule. Nia sasa ipo, na lengo lina mwaka wake. Limebaki swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha: nishati hiyo itakayofika Tandale, Mbagala, Buza na Mabwepande itasanifiwa na nani?

Maoni yangu ni kwamba nishati safi ni tiba, na tiba isiyotumiwa na mgonjwa haiponyi, hata ikiwa imetoka katika maabara bora namna gani. Ili itumike, watumiaji wake hawana budi kuwa miongoni mwa wasanifu wake tangu siku ya kwanza. Nawakusudia mama anayepikia uani, mpangaji asiye na mita yake, mama lishe wa kituo cha daladala, na fundi wa mtaani atakayekifungua kifaa siku kitakapoharibika. Kuwaalika siku ya uzinduzi ili wapige makofi na kupigwa picha hakutoshi kuitwa ushirikishwaji.

Moshi unavyoumiza

Tuanze na ugonjwa, kwa kuwa ndio unaotupa sisi watu wa afya haki ya kusema katika jambo hili.

Moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa umebeba chembe laini ambazo ni ndogo mara thelathini hivi kuliko unene wa unywele. Pua haiwezi kuzichuja. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi hupenya na kuingia kwenye damu. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni wakati mama anapika huzivuta saa zilezile anazozivuta mama yake, kwa mapafu ambayo bado yanajengeka. Kinga ya njia zake za hewa hudhoofika, vijidudu hupata nafasi, na nimonia huingia. Kwa mama mwenyewe madhara huja polepole. Baada ya miaka ishirini au thelathini ya kupuliza moto, huanza kukohoa asubuhi, kisha kupanda ngazi kukawa kazi, na mwishowe hata kutandika kitanda kunamhitaji apumzike. Huo ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na kliniki zetu zina wanawake wengi walioupata bila kuvuta sigara hata moja maishani mwao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yake vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Wasomaji wengi hushangaa kusikia kuwa zaidi ya nusu ya vifo hivyo milioni 3.2 vilitokana na magonjwa ya moyo na kiharusi. Moshi hauishii kifuani.

Mkaa una hila yake. Kwa sababu hautoi moshi mwingi unaoonekana, watu huamini kuwa ni salama. Lakini mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Wakati wa masika, familia huingiza jiko chumbani ili kupika au kupata joto, hufunga dirisha kwa sababu ya mvua na mbu, na wengine hawaamki. Mafuta ya taa nayo yana madhara mengine mbali na moshi wa kibatari. Yakihifadhiwa kwenye chupa ya soda, mtoto mwenye kiu huyanywa, nayo huingia kwenye mapafu na kuyaunguza.

Kwa hiyo hatuna sababu ya kuutetea mkaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba takriban nusu ya mkaa wote wa nchi ulikuwa ukichomwa katika jiji hili. Takwimu hizo ni za zamani, lakini zina fundisho ambalo halijachakaa: watu wanaweza kurudi nyuma. Anayehamia nishati safi leo anaweza kuiacha kesho ikiwa haiendani na kipato chake, chumba chake na chakula chake.

Fundisho kutoka Malawi

Kila mhudumu wa afya anajua kuwa kuandika dawa na mgonjwa kumeza dawa ni mambo mawili tofauti. Tumejifunza hivyo katika kifua kikuu, katika virusi vya UKIMWI, katika shinikizo la damu na kisukari. Tulipotambua kuwa wagonjwa wanaacha dawa, hatukuongeza ukali wa sauti. Tulipunguza idadi ya vidonge, tukasogeza huduma karibu na makazi, tukawashirikisha wagonjwa wenzao kama washauri. Ni mantiki hiyohiyo ninayoiombea nafasi katika nishati.

Nchini Malawi, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000 katika vijiji vya wilaya za Chikwawa na Karonga. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni, pamoja na paneli ya sola ya kuchajia feni hiyo. Kwa macho ya mhandisi yalikuwa majiko mazuri. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwishoni mwa mwaka 2016: nimonia ya watoto haikupungua. Majiko mengi yaliharibika na kuhitaji matengenezo, na moshi wa vyanzo vingine, kama vile taka zinazochomwa na tumbaku, ulibaki palepale. Jiko jipya liliingia nyumbani, lakini hewa anayoivuta mtoto haikubadilika vya kutosha.

Uaminifu wa kitaaluma unanidai nitaje pia utafiti wa pili. Katika Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito wapatao 3,200 walishiriki katika jaribio ambapo nusu yao walipewa majiko ya gesi na gesi ya bure. Hawa waliyatumia kwelikweli, na moshi waliouvuta ukapungua sana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kali kwa watoto wao katika mwaka wa kwanza. Wanasayansi bado wanajadiliana sababu. Mimi sitoi hitimisho kwamba nishati safi haina maana. Kuungua moto, sumu ya kaboni monoksidi na magonjwa sugu ya mapafu ya watu wazima ni sababu tosha za kuidai. Ninachojifunza ni kuwa mtu asiahidiwe muujiza kwa jiko moja. Mapafu huona nafuu pale hewa yote inayovutwa inapobadilika, na katika makazi ya msongamano hewa hiyo ni ya watu wengi kwa pamoja.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukiangalie kitanda hicho kwa karibu.

Sehemu kubwa ya wakazi wa kipato cha chini wa Kinondoni na Temeke huishi katika vyumba vya kupanga. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba sita pande mbili, ua mmoja nyuma, mita moja ya LUKU. Kila chumba ni kaya. Jioni, majiko sita huwashwa uani kwa wakati mmoja. Kaya moja ikipata jiko safi na tano zikabaki na mkaa, mtoto wa kaya ile ya kwanza bado anavuta moshi wa majirani. Hapa mgonjwa wa kutibiwa ni ua mzima, na ua una watu sita wa kukubaliana, pamoja na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba naye ana sauti kubwa. Wengi hukataza mpangaji kutumia jiko la umeme, pasi au hita, wakihofia ugomvi wa uniti na nyaya zilizochoka. Juu ya hayo kuna kitendawili cha bei. Nchi yetu imeweka bei ya nafuu kwa mteja wa nyumbani anayetumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, na bei hiyo ni takriban theluthi moja ya ile ya kawaida. Ni sera njema, iliyokusudiwa kumlinda maskini. Lakini kaya sita zinapochangia mita moja, matumizi yao kwa pamoja huvuka kiwango hicho mapema, hata kama kila kaya peke yake ni maskini na hutumia kidogo. Unafuu unapotea kwa sababu tu wanaishi nyumba moja. Jambo hili halionekani katika michoro ya mtambo. Anayelijua ni yule anayechangishwa hela ya LUKU kila wiki.

Kuna pia suala la pesa inavyoingia. Anayelipwa kwa siku hununua mkaa kwa siku, kwa kopo au kwa kisado. Anajua kuwa gunia lingekuwa nafuu, ila pesa ya gunia haijawahi kukaa mkononi mwake kwa pamoja. Ukimletea kifaa kinachodai malipo makubwa mara moja, umemletea gunia.

Na kuna chakula chenyewe. Jiko la umeme la presha ni hodari sana kwa maharage, makande na nyama ngumu. Huivisha maharage kwa muda usiozidi saa moja hivi, likitumia kwa kawaida chini ya nusu uniti, kwa sababu joto halipotei na mvuke haukimbii. Msomaji anaweza kulinganisha mwenyewe na bei ya mkaa wa mtaani kwake. Lakini mwambie mama mwenye watoto watano asonge ugali ndani yake, uone atakavyokujibu. Ugali unataka sufuria iliyotulia, upana wa kugeuza mwiko, na mkono wenye nguvu. Chapati zinataka chuma. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, watoto hawangoji. Ndiyo maana jiko la mkaa halitupwi. Linasukumwa pembeni likisubiri zamu yake. Msanifu asiyeuliza ataandika kwenye ripoti yake kuwa kaya imehama. Mpishi anajua kuwa haijahama.

Mambo ya sola nayo yana kunguni wake. Huko Chamazi, Toangoma na Mabwepande, ambako watu huhamia viwanjani kabla ya nguzo za umeme, paneli ndogo ya wati 50 ni neema: inawasha taa, inachaji simu, inakiondoa kibatari na chupa ya mafuta ya taa. Lakini haiwezi kuchemsha maharage, kwa kuwa jiko la umeme huhitaji wati elfu moja hivi. Mteja asipoelezwa hilo, huona ametapeliwa, na hasira yake huangukia sola zote. Mpangaji naye hujiuliza: nikifunga paneli juu ya bati la mwenye nyumba, nikihama itakuwa ya nani?

Ushirikishwaji si jambo geni jijini

Wapo watakaosema kuwa kusanifu pamoja na wananchi ni nadharia ya vitabuni. Nawakumbusha mifano ya humu humu mjini.

Hanna Nassif, katika Kinondoni, ilikuwa ikizama kila msimu wa mvua. Katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishiriki kupanga na kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, wakisaidiwa na wataalamu wa chuo cha ardhi na Shirika la Kazi Duniani. Tandale, mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walizunguka vichochoro pamoja na kuchora ramani ya mtaa uliokuwa karibu mtupu kwenye ramani rasmi. Kazi ya namna hiyo ilipanuliwa kuanzia mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria, hasa kwa ajili ya mafuriko: mkazi alionyesha maji yalipofika, mwanafunzi akaandika. Na katika Temeke, familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga katika vikundi vya akiba, zikapata ardhi Chamazi, na zikashiriki katika usanifu wa nyumba zao kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives. Nyumba hizo zilibuniwa ili mtu aanze na kidogo anachokimudu, kisha aongeze. Hakuna profesa anayeweza kubuni wazo hilo kabla ya kukaa na mtu anayejenga kwa mshahara wa kibarua.

Katika nishati pia tunayo mifano. Jiko la mkaa lenye udongo wa kufinyanga ndani na bati nje, ambalo tunalifahamu kama jiko bora, lilikomaa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la awali lilitokana na majiko ya Thailand, lakini umbo tunaloliona leo lilipatikana baada ya mafundi wa jua kali wa Nairobi na wapishi kulijaribu, kulilalamikia na kulirekebisha. Liliuzwa sokoni na kutengenezwa na mafundi walewale waliotengeneza majiko ya zamani, ndiyo maana lilidumu na kuvuka mpaka hadi kwetu. Linatumia mkaa bado, kwa hiyo silitaji kama tiba. Nalitaji kwa namna lilivyozaliwa.

Karibu zaidi na wakati wetu, shirika la TaTEDO la hapa Dar es Salaam, likishirikiana na watafiti wa nje, liliziomba kaya za jiji hili ziandike kwenye daftari kila walichopika, kwa nishati gani na kwa muda gani, kwanza kwa majiko yao ya kawaida na baadaye kwa vifaa vya umeme. Mpishi akawa mtafiti. Daftari la jikoni lilionyesha ni vyakula gani vinahama kirahisi kwenda kwenye umeme na vipi vinang'ang'ania mkaa. Taarifa kama hiyo haipatikani kwa dodoso la siku moja.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza inayotolewa dhidi ya msimamo huu ni ya muda. Watu wanakufa, nasi tunataka vikao? Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa ninawaona wanaokufa. Lakini majiko ya Malawi yalifika kwa wakati na nimonia ilibaki. Kasi ya kugawa vifaa haifanani na kasi ya kupunguza ugonjwa. Mwezi mmoja wa kukaa na nyua kumi za Mbagala ni mfupi ukilinganishwa na miaka ya kueleza kwa nini vifaa vimefunikwa na vumbi chini ya vitanda.

Hoja ya pili ni ya utaalamu. Mama lishe anajua nini kuhusu wati na betri? Pengine hajui. Nami sijui kwa nini wateja wake wa alfajiri hawawezi kungoja dakika kumi. Usanifu shirikishi haumwondoi mhandisi wala hauchukui nafasi ya kanuni za usalama. Nyaya hazipigiwi kura. Unamkutanisha anayejua kifaa na anayejua maisha, kila mmoja akiwa na uwezo wa kusema hapana.

Hoja ya tatu ni kwamba gesi ya mitungi inatosha. Gesi ni hatua kubwa kuliko mkaa, na sitamzuia mgonjwa wangu kuinunua. Hata hivyo haijadidiki, inaagizwa kutoka nje, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi mkaa hurudi. Upande wa umeme, Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024 na lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa maji nchini. Ni haki wakazi wa Temeke na Kinondoni waonje sehemu ya mto huo katika sufuria zao. Sehemu ya umeme wetu bado ni ya gesi asilia, lakini jiko la umeme lililoko uani halitoi moshi kifuani mwa mtoto, na kila tunavyoongeza maji, jua na upepo kwenye gridi, ndivyo jiko lilelile linavyozidi kuwa safi.

Ninayopendekeza

Kwanza, kila mradi wa nishati safi katika makazi haya uanze na jaribio la nyua chache, kwa mwezi mmoja, wakazi wakiwa na daftari na haki ya kukirudisha kifaa bila kulipa. Vifaa vitakavyorudishwa vitatufundisha kuliko hotuba za vile vilivyobaki.

Pili, TANESCO na wadhibiti wa bei watafute njia ya kuzihesabu kaya zinazochangia mita moja, iwe kwa mita ndogo za kila chumba au kwa utaratibu mwingine, ili unafuu wa mteja mdogo umfikie mlengwa. Wapangaji na wenye nyumba waitwe kwenye meza hiyo kupitia serikali za mitaa, kwa sababu ndio wanaojua ugomvi wa LUKU unaanzia wapi.

Tatu, malipo yafuate mfuko wa mteja: kidogo kidogo kwa simu, au kupitia VICOBA. Na kabla kifaa hakijauzwa mtaani, awepo fundi wa mtaa huohuo, mwanamke au mwanamume, aliyefundishwa kukitengeneza na anayepata vipuri. Kituo cha Barefoot College huko Kinyasini, Unguja, kimekuwa kikiwafundisha wanawake wa vijijini, wengine wasio na elimu kubwa ya darasani, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Kinachowezekana Unguja hakiwezi kushindikana Buza.

Nne, mafanikio yapimwe kwa hewa. Ripoti zihesabu ni kaya ngapi bado zinatumia kifaa baada ya mwaka mmoja, ni siku ngapi za juma mkaa haukuwashwa, na vipimo vya chembe za moshi uani vinasema nini. Idadi ya vifaa vilivyogawiwa ni takwimu ya ghala, si ya afya.

Kwenu wahudumu wa afya, swali la jiko liwe sehemu ya historia ya mgonjwa kama lilivyo swali la sigara. Unapika kwa nini, wapi, kwa saa ngapi, mtoto huwa wapi wakati huo, na kitu gani kinakuzuia kubadilisha? Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye faili, likusanywe, na mwisho wa mwezi lifikishwe kwenye kamati ya afya ya kata. Kituo cha afya kinaweza kuwa mahali ambapo sauti ya uani inaingia katika mipango ya halmashauri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoingia nyumba kwa nyumba, wanafaa kazi hii kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwenu wagonjwa na wazazi, yapo ya kufanya wakati mabadiliko makubwa yakisubiriwa. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata liwe limebaki makaa tu, hata mvua inyeshe. Pikia mahali penye upenyo wa hewa, na mtoto asibebwe mgongoni karibu na moto. Loweka maharage usiku kucha ili yaive mapema. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya kinywaji. Mtoto akiyanywa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta hewa, asingoje asubuhi. Na mradi wa majiko au sola ukifika mtaani kwenu, nendeni kwenye mkutano mkaulize maswali magumu: nani atatengeneza, tutalipaje, kitapika ugali?

Swali hilo la mwisho linaweza kuchekesha ukumbini. Lisijibiwe kwa kicheko. Mhandisi akilijibu vizuri, mtoto mmoja zaidi wa Tandale atalala usiku bila kukohoa.